Mama wa Kwenye Jalada

Gari la kampuni ya santuri kutoka Nashville lilisimama mbele ya nyumba ya akina Tidmore Jumanne saa nne asubuhi, na mtu wa kwanza kushuka aliuliza nyumba iko wapi.

"Ndiyo hii," alisema Hoyt Tidmore.

Alikuwa amesimama barazani, kifua mbele, mikono nyuma, kama bwana harusi. Nyuma yake ukuta wa matofali mekundu uling'aa kwa upya. Saruji ya katikati ilikuwa bado haijapoteza weupe wake. Hoyt alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na kwenye mlima wote wa Sand Mountain, kutoka ukingo hadi ukingo, hapakuwa na mpasua mbao mwingine mwenye nyumba ya matofali na choo cha ndani.

"Naulizia ile nyingine," alisema mgeni. "Ile ya mbao. Ya kwenye wimbo."

"Ni hiihii. Mbao zimo humo ndani. Tumeivisha."

Mgeni huyo, Whit Lassiter, ndiye aliyekuwa akiisimamia albamu ya Arvella, binti yao. Alivua kofia akajipepea, ingawa ilikuwa Machi na hapakuwa na joto. Aliitazama nyumba kama mtu aliyeagiza jeneza akaletewa kitanda cha maharusi.

"Mzee Hoyt," alisema kwa upole, "haya matofali ya mbele yanatoka?"

"Yanatoka yaende wapi?"

"Yaani, kama tungetoa machache tu, hapa upande wa mlangoni. Kampuni ingelipa. Na ingeyarudisha."

"Na mimi nikikutoa meno machache, hapa upande wa mbele, halafu niahidi kuyarudisha, utasemaje?"

Nyuma ya mlango wa wavu, Orlene alifumba macho. Mkewe Hoyt alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya siku hii. Jana yake alikwenda saluni mjini Boaz, akakaa chini ya lile dude la kukaushia nywele mpaka masikio yakawaka. Gauni lake la buluu lilikuwa jipya, lenye vifungo kumi na viwili vya lulu ya uongo, na miguuni alivaa soksi ndefu na viatu vyeupe ambavyo kwa kawaida vilisubiri Pasaka. Kwenye simu Arvella alimwambia, "Mama, watatupiga picha ya jalada, mimi na wewe na baba mbele ya nyumba." Orlene hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alisugua hata vizingiti.

Arvella alishuka garini mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na miaka sita kati ya hiyo aliimalizia Nashville akiimba nyimbo walizotunga wanaume kuhusu wanawake. Hii ilikuwa albamu yake ya kwanza ambayo nyimbo zote kumi na moja alizitunga yeye mwenyewe, maneno na sauti, na wakubwa wa kampuni waliikubali kwa shingo upande. Iliitwa *Mvua Ndani ya Nyumba*. Wimbo wenye jina hilo ulikuwa umeshatangulia redioni, na watu waliulilia mpaka kwenye foleni za kununua petroli.

"Baba, usianze," alisema.

"Sijaanza. Wewe ndiye uliyeanza. Unasema redioni paa lilivuja ukalala na beseni kifuani. Paa la nani lilivuja? Lile paa nililipiga kwa mikono yangu, msumari kwa msumari. Halikuvuja hata mwaka ule wa kimbunga."

"Magazeti ukutani yalikuwepo."

"Yalikuwepo! Nimekataa magazeti? Nauliza paa!"

"Baba," alisema Arvella akishusha sauti, "paa lisilovuja haliimbiki."

Orlene alisukuma mlango akatoka na sinia la chai baridi, maana alijua mumewe akishaguswa paa hashikiki. Whit Lassiter alipokea bilauri, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, kisha akaeleza hali ilivyo. Wapiga chapa walikuwa wanasubiri picha kufikia Ijumaa. Isipopatikana, albamu itasogezwa hadi mwakani, na nafasi yake itachukuliwa na nyimbo za Krismasi za bwana mmoja mnene ambaye hakuwahi kuchelewesha mtu. "Na mwakani," alisema, akimtazama Arvella na si wazee, "nani ajuaye kama wakubwa watakuwa bado wanataka mwanamke anayejitungia."

Hoyt aliingia ndani, akafunga mlango wa nyumba yake ya matofali.

*

Kufika saa sita mchana habari ilikuwa imezunguka mlima mzima: kampuni inatafuta nyumba ya kimaskini na italipa dola hamsini.

Umaskini Sand Mountain ulikuwa ni kitu cha kufichwa, kama ugonjwa wa aibu. Watu walikuwa wakipaka rangi upande wa nyumba unaotazama barabara na kuuacha ule wa nyuma uoze. Sasa, kwa saa mbili tu, kila kitu kikatolewa nje kikaanikwa. Mjane mmoja alipiga simu akasema kwake panavuja vyumba vyote vitatu, waje waone wenyewe, ana ndoo. Mchungaji Gilley naye alipiga, akasema yeye hana nyumba mbovu lakini alizaliwa juu ya mkokoteni wa pamba, na kama kampuni ingependa mtu wa kushika Biblia pichani, ana nafasi hadi Alhamisi.

Vonceil Umphrey hakupiga simu. Alikuja kwa miguu, kwa sababu alikuwa jirani, na kwa sababu alitaka kuuona uso wa Orlene.

"Dada Orlene, poleni sana," alisema, akishika kifua. "Nimesikia nyumba yenu imekataliwa."

"Haikukataliwa. Imeonekana ni nzuri mno."

"Ndivyo wanavyosema siku hizi wakikukataa. Basi mie na Coy wangu tumewaza, lile banda letu la kuku, si unalijua? Alikofia babu yake Coy. Lina kila kitu. Ukuta umelala, baraza limetoboka, na magazeti bado yamo ndani, ya mwaka ishirini na tisa. Kuku wameyala kidogo."

"Umeambiwa wanatoa hamsini?"

"Hamsini? Walaa! Mie nafanya kwa ajili ya mtoto." Vonceil akanyoosha aproni yake. "Ila Coy anasema sabini, maana kuku wakishtuka hawatagi."

*

Banda lilipendwa. Mpiga picha, kijana wa New York aitwaye Julian mwenye nywele zilizofika mabegani, alilizunguka mara tatu akigusa mbao kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa farasi wa bei kubwa. Alisema ni la kweli kabisa. Alisema hajawahi kuona kitu cha kweli namna hii. Coy Umphrey, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akiahidi kulichoma moto, alivuta suruali juu akasema wamejitahidi kulitunza.

Kisha Julian akamtazama Orlene. Alimtazama kuanzia nywele, akashuka vifungo kimoja kimoja hadi kwenye viatu, na uso wake ukaanguka.

"Ni mzuri mno," alimnong'oneza Whit, lakini kwa sauti ya watu wa mjini wanaodhani wa shamba ni viziwi. "Anafanana na mke wa meneja wa benki."

Katika ndoa ya miaka ishirini na minane hakuna mtu aliyewahi kumwambia Orlene maneno matamu kama hayo, na sasa ameyapata, yakiwa malalamiko.

"Labda tupige ya Arvella peke yake," alisema Whit.

"Wimbo unamtaja mama kila ubeti. Lazima pawe na mama."

Hapo ndipo Vonceil alipoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Alikuwa amesimama pembeni, kavaa gauni lake la kazini lililopauka, na aliposikia neno mama aliinamisha kichwa kidogo, akatia vidole mdomoni, akatoa meno yake ya bandia, safu ya juu na ya chini, akayatumbukiza mfukoni mwa aproni. Mashavu yakaingia ndani. Uso uliokuwa wa mwanamke wa miaka hamsini ukawa wa njaa ya karne nzima.

"Mungu wangu," alisema Julian, na kamera ikapanda yenyewe.

"Thimame wapi?" aliuliza Vonceil.

Walimsimamisha mlangoni mwa banda, Arvella mbele yake kakaa kizingitini na gitaa. Julian akamwambia aweke mkono begani kwa binti yake. Vonceil akauweka. Akaufinya kidogo, akautikisa kidogo, kimama.

Orlene alikuwa amevumilia matofali. Alivumilia gauni. Lakini mkono ule, mkono wa Vonceil Umphrey ambaye mwaka ule Arvella alipougua surua alikataa kuwauzia mayai kwa mkopo, kuuona umekaa pale begani ukijifanya ulimnyonyesha, hapana.

"Toa mkono wako," alisema.

"Dada Orlene, ni picha tu."

"Nimesema toa. Nina mtoto mmoja wa kike tu duniani, nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili na nusu, na nyimbo zake zote zilipokuwa bado mimba mimi ndiye niliyeamka nazo saa nane za usiku. Hapigwi picha na mama wa kuazima."

"Lakini umeambiwa wewe huonekani mathkini!"

"Ngoja uone."

Alimshika Vonceil mkono akamwingiza bandani, kuku wakapiga kelele, na walipotoka Vonceil alikuwa ndani ya gauni la buluu, vifungo vinne havifungiki, na Orlene alikuwa ndani ya lile lililopauka, linalonuka pumba. Alikuwa amechambua nywele za saluni kwa vidole mpaka zikasimama. Soksi ndefu alizikunja akazitia ndani ya viatu vyeupe, na viatu akavikabidhi kwa Whit Lassiter, naye, kwa kutojua la kufanya, akavishika mbele ya kifua kama sadaka.

Julian alipiga hatua nyuma. Akatabasamu. Kisha akatazama chini.

"Miguu," alisema. "Samahani, mama. Miguu ni misafi."

Ilikuwa kweli. Orlene alikuwa ameisugua jana usiku kwa jiwe na kuipaka mafuta, kwa ajili ya ndani ya viatu, mahali pasipoonekana na mtu.

Mbele ya banda palikuwa na dimbwi. Whit alitazama viatu alivyoshika, Coy akatazama mawingu. Mwishowe Arvella aliweka gitaa chini, akaenda akachota tope kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Nitawaambia waende zao," alisema bila kuinua uso. "Sema tu, mama. Neno moja."

Orlene aliutazama ule mpangilio wa nywele za binti yake, mstari wa katikati ulionyooka kama aliokuwa akimchania asubuhi za shule. Alijua neno moja lingetosha. Alijua pia kwamba Ijumaa ilikuwa imebakiza siku tatu tu, na kwamba yule bwana mnene hajawahi kuchelewa.

"Paka," alisema. "Na kisigino. Usiache kisigino."

Arvella akapaka. Tope lilikuwa la baridi. Alipomaliza mguu wa kwanza alikuwa ameanza kulia, na Julian, ambaye hakuwa mtu mbaya bali alikuwa kazini, akapiga picha kumi na nne.

Picha iliyochaguliwa ni ya kumi na moja: mama kasimama mlangoni mwa banda, binti kajikunyata kizingitini, macho yamelowa, na mbele kabisa, karibu na jina la albamu, miguu miwili yenye tope, vidole vimejikunja kwa baridi. Anayekosekana pichani ni Hoyt. Alikuwa ameamua, baada ya kufikiri sana, kuja kusimama na familia yake kwa ajili ya mtoto, hata kama ni mbele ya banda la kuku. Alitokea kwenye kona ya uzio akiwa kavaa tai. Akamwona binti yake akimpaka mkewe tope miguuni huku mgeni akipiga picha. Akasimama hapo kidogo, akageuka, akarudi nyumbani.

*

Hoyt hakugomba. Angegomba, Orlene angejua la kufanya. Alikula, akashukuru, akaenda kazini, akarudi. Santuri ilipotumwa mwezi wa Agosti, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya zawadi, aliitazama kwa mbali kama watu wanavyotazama nyoka aliyegongwa na gari, halafu akatoka kwenda kukata nyasi zilizokuwa zimekatwa jana yake.

Albamu ililipuka. Hakuna neno lingine. Hata Whit Lassiter hakutegemea hivyo. Arvella alipiga simu kila Jumapili na habari mpya, na kila Jumapili sauti yake ilikuwa na furaha zaidi na uchovu zaidi. Watu wanaojua mambo waliandika magazetini kwamba haijawahi kutoka santuri ya kweli namna hiyo kutoka kusini mwa nchi, na kwamba ukitaka kuujua ukweli wenyewe, tazama miguu ya yule mama.

Viatu vya kwanza vilifika wiki ya tatu. Vilikuwa viwili, vya kahawia, vimevaliwa kidogo, vimetoka Oregon. Barua iliandikwa, "Kwa mama yake Arvella, Mungu akufariji." Orlene alicheka mpaka akashika kiuno. Wiki iliyofuata vilifika jozi sita. Wiki iliyofuata, ishirini na mbili, na mtu wa posta, Bwana Tolbert, akaanza kupiga honi kwa hasira tangu kwenye kona ya kanisa. Vilikuja vya ngozi, vya turubai, vya kulalia, vya mvua, vya kiume. Kimoja kilikuja peke yake kutoka kwa mwanajeshi aliyepoteza mguu, akasema yeye hakihitaji tena. Chumba cha akiba kilijaa. Vikahamia kwenye bafu jipya, ndani ya beseni la kuogea, mpaka Hoyt akawa anaoga kwa kitambaa kama zamani.

Kwa jirani, mambo yalikuwa mazuri. Vonceil alitundika kibao, HAPA NDIPO ALIPOZALIWA, na akatoza nusu dola. Kwa dola nzima alikuwa anatoa meno. Kuku walihamishiwa kwenye gereji, na Coy sasa alikatazwa kuligusa lile baraza lililotoboka hata kwa nyundo, maana ndilo lililokuwa likiwalisha.

Lakini kilichomvunja Hoyt kilitokea kiwandani. Ijumaa moja msimamizi wake alisimama juu ya rundo la mbao, akakohoa, akasema vijana wamechanga. Halafu akamkabidhi boksi, mbele ya watu arobaini wenye vumbi la mbao kwenye kope, wote wamevua kofia. Ndani mlikuwa na viatu vya nyumbani, vya manyoya ya rangi ya waridi.

"Tulikuwa hatujui, Hoyt," alisema msimamizi. "Ungesema tu."

Hoyt alivileta nyumbani akaviweka mezani kati ya mkate wa mahindi na maharage.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu hata kiberiti. Leo nimepigiwa makofi kwa sababu mke wangu hana viatu."

"Hoyt, ulisema nini?"

"Ningesema nini? Nilisema asanteni." Akakaa. "Ungekataa siku ile, Orlene. Ungemwambia hapana. Mimi ningeambiwa nipakwe tope, ningekataa."

"Ndiyo maana hukuambiwa," alisema Orlene. "Wewe una cha kukatalia. Una nyumba. Mimi nilikuwa na gauni tu, na Vonceil alishaanza kumshika mtoto bega."

Alisema bila hasira, akichota maharage. Hoyt alivisogeza viatu pembeni ya meza. Wakala.

*

Oktoba Arvella alikuja kwa gari lake mwenyewe, refu, la rangi ya maziwa. Aliingia, akafungua chumba cha akiba akitaka kuweka begi, na maporomoko ya viatu yakamfika magotini.

"Nilidhani mnatania kwenye simu," alisema.

"Baba yako anataka vichomwe."

"Vichomwe! Vichomwe vyote, mama, leo hii. Naona aibu. Naona aibu kila nikisimama jukwaani. Wananiuliza hali yako, wanafuta machozi, na mimi najua una jozi tano kabatini na zulia kila chumba. Nitawaambia. Nitasema picha ilikuwa ya uongo."

"Ukiwaambia itakuwaje?"

Arvella aliweka begi chini. Wote wawili walijua itakuwaje.

"Kila jozi ina barua," alisema Orlene.

"Umezisoma?"

"Mtu akikununulia stempu, unamsoma. Mara nyingi hawaandiki kuhusu mimi." Alianza kuokota, akipanga cha kushoto na cha kulia. "Hivi vya kijani, ni bibi mmoja wa Texas, mumewe hajamsemesha tangu Pasaka. Huyu wa buti, mwanawe yuko vitani. Ni kama wanapita tu kwangu, wanaelekea mahali pengine. Sijui wapi. Sijamchoma hata mmoja."

Hoyt alirudi jioni ile akiwa amenyolewa. Alikaa barazani karibu na binti yake, viti viwili vimetazama barabara, na wakaongea kuhusu matairi ya lile gari refu. Kisha, bila kugeuka, Hoyt akasema, "Wameiweka pale kwa kinyozi. Santuri yako. Yote, upande huu na upande huu."

"Ukasikiliza?"

"Nilikuwa na sabuni shingoni, ningekwenda wapi?" Alipapasa kidevu. "Walinyamaza wote. Kinyozi alisimama na wembe hewani. Jamaa mmoja mzima, anaendesha malori, alilia kama ndama." Akafikiri sana. "Unadanganya vizuri, mwanangu."

"Asante, baba."

"Paa halikuvuja."

"Najua halikuvuja."

"Basi. Mradi tunajua."

*

Mwanamke mmoja wa Ohio alifika Jumamosi moja ya Novemba, saa tisa alasiri. Mumewe alibaki garini, injini inanguruma. Orlene alimwona kupitia dirishani akipanda ngazi na kifurushi kifuani, akajua ni nini, na akatayarisha maneno. Alikuwa na maneno mazuri kwa wageni wa aina hiyo. Alikuwa akiwaambia yule mama anaishi nyumba ya pili, kwenye banda, nusu dola, na wakitaka kulia wamlipe dola nzima.

"Samahani kukusumbua, mama," alisema mgeni. Alikuwa na miaka arobaini hivi, koti la kiwandani, mikono imebabuka. "Naitwa Nadine Pruett. Natoka Akron, Ohio, ila mimi ni mtu wa Mississippi. Natafuta nyumba ya mbao. Ya mama yake Arvella."

Orlene alifungua mdomo amtume kwa Vonceil. Halafu, kwa sababu ambayo hata baadaye hakuweza kumweleza Hoyt, akasema, "Ni mimi."

Nadine alitazama matofali. Akatazama pazia, zulia la ndani, nywele zilizopangwa. Mwishowe akatazama chini, kwenye viatu vya Orlene, vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi asubuhi ile.

"Aa," alisema. Akajaribu kucheka. "Kumbe unavyo."

"Ninavyo. Nilikuwa navyo na siku ile pia. Samahani, mwanangu. Walinipaka tope."

Alingoja hasira. Ilikuwa imeshatokea mara moja, bwana mmoja wa Georgia alidai arudishiwe nauli. Nadine alisimama tu, kakumbatia kifurushi, akitikisa kichwa polepole.

"Haidhuru," alisema. "Si kosa lako. Mama yangu alifariki Januari moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vya kike ndani ya nyumba, na dada yangu alikuwa ameanza kazi za watu. Baba akasema mama haendi popote tena anakohitaji kutembea. Tukamzika na soksi." Alivuta pumzi. "Niliona ile picha dukani, naapa, nilidhani ni yeye. Ile miguu. Nilifanya kazi zamu mbili nikanunua hivi. Havijavaliwa, ni vipya. Nilisahau kuwaza kwamba wewe ni mtu."

Akafungua karatasi. Vilikuwa viatu vya buluu iliyoiva, vyenye kisigino kifupi na kifungo cha fedha pembeni, viatu ambavyo mwanamke wa mashambani hununua mara moja tu maishani, kama atanunua. Orlene alijua kwa kuangalia tu kwamba havimwenei. Vilipungua saizi nzima, labda na nusu.

"Mama yako alivaa namba ngapi?" aliuliza.

"Namba sita. Alikuwa mdogo."

Orlene aliketi kwenye kiti cha barazani. Akafungua kamba za viatu vyake vyeusi, akavivua, akaviweka kando, na kunyoosha mguu mmoja.

"Nisaidie," alisema. "Mgongo wangu hauinami."

Haukuwa kweli, mgongo wake uliinama vizuri tu. Nadine alipiga magoti. Mguu ulikataa, kisha ukakubali kwa tabu, kidole gumba kimejikunja juu ya mwenzake. Cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Nadine alifunga vifungo kwa uangalifu mkubwa, akafuta vumbi lisilokuwepo kwa kiganja, na hakuinuka mara moja.

"Vinakubana?"

"Hata kidogo," alisema Orlene. "Vimenikaa kama nilipimwa."

Hoyt alitokea kwenye kona ya nyumba na reki mkononi, akauona uso wa mkewe, akaondoka na reki yake.

Wakazungumza kidogo. Nadine hakutaka kuingia ndani, mumewe alikuwa na zamu Jumatatu na safari ilikuwa ndefu, lakini alikubali kipande cha keki ya nazi kwenye karatasi, na kingine cha mumewe. Orlene alimsindikiza hadi garini, akitembea juu ya kokoto polepole, kichwa juu, mkono wake umepitishwa kwenye mkono wa mgeni kana kwamba ni kwa mapenzi tu. Gari likaondoka. Nadine alishusha kioo, akageuka kutazama mara moja, akageuka tena mara ya pili.

Orlene alipunga. Kisha akaanza kurudi nyumbani. Alipofika ngazini malengelenge yalikuwa yameshatumbuka kwenye visigino vyote viwili, lakini alipanda ngazi zote tatu bila kuvua viatu, kwa sababu gari lilikuwa limesimama kwenye njia panda ya kanisa, na kutoka pale baraza lilikuwa bado linaonekana.